Shajara ya mradi: bomba la choo la shangazi, mkaa wa vifuu na modeli iliyofunga Ramadhani

Jumapili 9 Februari 2025

Naanza kuandika leo mana nimeshapoteza karatasi mbili zenye vipimo, moja nimekuja kuikuta imefungiwa vitumbua.

Mradi wenyewe ni hivi. Nyumba ya shangazi huku Mbagala ina vyumba sita vya wapangaji na choo kimoja cha shimo, choo kina bomba la kutolea hewa la inchi 4 limepanda mpaka juu ya bati, na mdomo wa hilo bomba umekaa sawasawa na dirisha la dada mmoja anakaa chumba cha nyuma. Upepo ukigeuka jioni dada anafunga dirisha, na joto la Dar la Februari mnalijua wenyewe. Kasema mwezi wa sita anahama. Shangazi kaniita akaniambia "we mtoto si umesomea mambo ya kompyuta, fanya kitu basi", kama vile kompyuta inafukuza harufu.

Ila nikakaa nikawaza, nikaona kuna vitu viwili vinaweza kufanyika pamoja. Cha kwanza kichujio ndani ya bomba, cha mkaa wa vifuu vya nazi ulioamshwa, wale wa vitabuni wanaita kaboni amilifu. Cha pili ni sensa (si ile ya kuhesabu watu, ni kakifaa ka kunusa gesi) pamoja na programu ya akili mnemba ya kuniambia mkaa umechoka lini, nibadilishe kabla dada hajaanza kupiga kelele. Hicho cha pili ndo nilichokuwa na hamu nacho, nisiwe muongo. Mkaa niliona kama kazi ya wikendi moja.

Kabla sijaendelea, hilo bomba lenyewe lisidharauliwe, ni uvumbuzi kamili. Alilitengeneza Peter Morgan kwenye Maabara ya Blair kule Zimbabwe miaka ya 1970, wakati huo bado inaitwa Rhodesia. Upepo ukipita juu ya mdomo wa bomba unavuta hewa ya shimoni kwenda juu, hewa mpya inaingia kupitia tundu la choo, kwahiyo ndani hakunuki. Na nzi akitaka kutoka anafuata mwanga, mwanga uko juu ya bomba, juu kuna wavu, anafia hapo. Walihesabu nzi kwa siku 78, choo kisicho na bomba wakakamata 13,953, chenye bomba 146. Mi hiyo hesabu naipenda sana, hebu fikiria kuna mtu alikaa akahesabu nzi elfu kumi na tatu mmoja mmoja.

Shida ni kwamba lile bomba lilibuniwa kwa ajili ya vijijini, ambako juu ya bomba kuna mbingu. Uswahilini juu ya bomba kuna dirisha la mtu.

Jumapili 16 Februari

Vifuu. Nilidhani vifuu ni takataka, nikaenda sokoni Rangi Tatu nikitarajia kuombwa niondoe tu. Wapi, kila anayekuna nazi pale ana mteja wake wa vifuu, mama ntilie wanawashia moto. Mzee mmoja wa nazi za Mafia akaniambia subiri Ramadhani ianze, hapo utabeba mpaka uchoke, mana kila futari ni nazi. Nikapata nusu kiroba kwa kubembeleza.

Nimekwangua makumbi yote (yakibaki yanaacha majivu mengi), nikavunja vifuu, nikajaza kwenye kopo la rangi la lita 20 lenye kifuniko, kifuniko nimekitoboa tundu moja la msumari. Kopo likaingia kwenye pipa, moto ukawashwa pembeni kuzunguka kopo. Lengo ni vifuu viungue bila hewa. Mwanzo tundu linatoa moshi mweupe mzito unaowasha macho, baadae ukiwasha kiberiti pale tundu linashika kamoto kenyewe ka manjano, kanawaka kama jiko la gesi. Siku kamoto kakizima chenyewe ujue ndani kumebaki mkaa mtupu. Leo kamezima baada ya saa mbili na dakika kumi. Watoto wa nyumba nzima walikuwa wamekaa kukazunguka kama wanaangalia TV.

Nimepata kilo 2 na kidogo. Kutwanga nilitaka kutumia kinu, shangazi kaniangalia tu. Nimetumia jiwe.

Jumamosi 1 Machi

Huu mkaa wa kawaida haufai kitu, na hili watu wengi hawalijui, wanaweka mkaa wa dukani kwenye friji wanashangaa. Mkaa wa kawaida vitundu vyake vimeziba kwa lami yake yenyewe. Kuuamsha maana yake unafungua vile vitundu mpaka gramu moja inakuwa na uso wa ndani wa mamia ya mita za mraba, na kifuu cha nazi kina sifa kwa hilo mana vitundu vyake vinatoka vidogo sana, vinavyofaa kukamata gesi. Njia ya mvuke ni ya zamani, Raphael von Ostrejko alichukua hataza zake (haki ya kisheria ya mvumbuzi) mwaka 1900 na 1901, na kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia Wamarekani walikuwa wanakusanya vifuu na kokwa za matunda kwa ajili ya barakoa za gesi. Kwahiyo sijavumbua chochote hapo, nafata njia ya watu.

Fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani kanichomelea bomba la chuma lina vitobo pembeni, linapita katikati ya pipa dogo la mkaa, upande mmoja nimeunga na sufuria ya presha inayochemka. Ndani nimeweka waya wa kupimia joto aina ya K na kale kabodi ka MAX6675, kanasoma mpaka nyuzi 1,024. Unatakiwa ufike 800 hadi 900. Nilifika 830 nikafungua mvuke, joto likaanguka mpaka 740 palepale. Nikajua nimeharibu. Kumbe ni kawaida, mvuke ukikutana na mkaa unaokolea unageuka haidrojeni na monoksidi ya kaboni na hiyo kazi inakula joto, inabidi upulize moto zaidi. Tukapuliza, mi na dogo wa jirani, kwa zamu, dakika 70. Juu ya pipa ukawa unawaka moto wa bluu. Jamani hii kitu ifanyike uwanjani tu, monoksidi haina harufu na inaua.

Niliingiza kilo 2, imetoka kilo 1.2. Hicho kilichopotea ndo vitundu.

Kipimo changu cha maskini: GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda. Glasi mbili za maji, tone tatu tatu za GV, moja nikaweka kijiko cha mkaa wa kawaida, nyingine kijiko cha mkaa ulioamshwa, nikatikisa nikaacha zitulie. Baada ya nusu saa glasi ya kwanza bado zambarau ila imepauka kidogo. Ya pili maji meupe kabisa, unasoma gazeti upande wa pili. Nilimuita shangazi aje aone, akaiangalia sana halafu akauliza "sasa ukinywa?" Hapana shangazi, usinywe.

Jumamosi 8 Machi

Nimefunga kichujio. Tabaka tatu ndani ya kipande cha bomba la inchi 4, kutoka chini kwenda juu:

Chini stilwaya ya kusugulia masufuria, nimeilowesha maji ya chumvi nikaianika siku tatu mpaka imeota kutu nyekundu. Hii ya kukamata haidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai viza. Kutu na gesi hiyo vinaungana vinakuwa kitu cheusi. Viwandani wanasafishia gesi hivyohivyo tangu zamani.

Katikati mkaa ulioloweshwa kwenye asidi ya unga, ile ya kama ndimu wanayotumia watu wa juisi, halafu ukakaushwa. Hii kwa ajili ya amonia, ile inayochoma pua. Mkaa mtupu hauishiki amonia vizuri, nimelijua hilo kwa kusoma sio kwa kujaribu, nashukuru.

Juu mkaa mtupu kwa hayo mengine. Na hayo mengine ndo yana mambo. Firmenich, wakati huo kampuni ya Uswisi ya kutengeneza manukato, walichukua hewa ya vyoo vya Afrika na India wakaichambua, wakakuta harufu yenyewe hasa inatokana na vitu vichache, kimoja kinaitwa indoli. Sasa indoli hiyohiyo imo kwenye asumini. Kidogo inanukia, nyingi inanuka. Nimemwambia shangazi kwamba kikuba chake na choo chake ni ndugu, hajaongea na mimi mpaka futari.

Jumapili 9 Machi

Nimekitoa. Usiku kucha choo kimenuka NDANI kuliko kilivyowahi kunuka tangu nyumba ijengwe, wapangaji watatu wamekuja mlangoni kwa shangazi saa kumi kasoro wakiwa hawajala daku.

Kosa ni la kijinga. Bomba linafanya kazi kwa mvuto wa upepo tu, mvuto mdogo mno, mi nimeliziba na sentimita 30 za mkaa wa unga. Hewa haikupanda, ikatafuta njia nyingine, njia nyingine ni tundu la choo. Yani nimechukua uvumbuzi wa mtu uliokuwa unafanya kazi miaka hamsini nikauzima kwa usiku mmoja.

Alhamisi 13 Machi

Marekebisho. Nimechekecha mkaa upya, unga wote nimetoa, nimebakiza chenga kubwa kati ya punje ya mtama na punje ya mahindi. Kina nimepunguza kutoka sentimita 30 mpaka 12, na kipande cha kichujio nimekitanua, sasa ni cha inchi 6 ili hewa ipite taratibu. Juu yake feni ya kompyuta ya volti 12 inayovuta, na kapaneli kadogo ka sola na betri. Feni iko JUU ya kichujio, upande wa hewa safi, mana ile gesi ya yai viza inakula shaba, feni ikikaa chini haifiki Idd.

Kipimo cha mvuto: udi. Unawasha udi mlangoni mwa choo unaangalia moshi unaelekea wapi. Moshi umeingia tunduni. Sawa.

Dada wa chumba cha nyuma amefungua dirisha jana jioni. Hajasema kitu, kafungua tu.

Jumamosi 15 Machi

Sasa upande nilioupenda. Sensa mbili, MQ-135 na MQ-136, bodi ya ESP32 (kakompyuta kadogo kenye wifi), na kapima joto na unyevu ka DHT22.

Hizi MQ zote ndani yake ni oksaidi ya bati inayopashwa moto. Ikiwa ya moto hewa safi inaifanya igome kupitisha umeme, gesi kama hizi zikija zinaipunguzia ule ugumu, unapima hapo. Ni wazo la Mjapani Naoyoshi Taguchi, hataza ya 1962, alikuwa anataka kuzuia milipuko ya gesi majumbani. Halafu mwaka 1982 Persaud na Dodd wa chuo cha Warwick Uingereza wakafikiria hivi: sensa moja ni mjinga, haijui kutofautisha, lakini ukiweka kadhaa zenye ujinga tofauti ukasoma majibu yao kwa pamoja unapata kitu kama pua. Hapo ndo pua ya elektroniki ilipoanzia, na mi nafanya hilohilo kwa bei ya Kariakoo.

Matatizo ya wiki, kwa haraka: MQ inatoa mpaka volti 5 na ESP32 inataka 3.3, nimeweka rizista mbili za kugawa. MQ mpya inatakiwa iwake siku nzima au mbili kabla hujaiamini. Na kuna moja limenila jioni mbili, namba zilikuwa zinakuja vizuri nikiwa nimechomeka kwenye laptopu, nikiwasha wifi zinapotea. Kumbe pini 25, 26 na 27 za ESP32 haziwezi kusoma kipimo wakati wifi inatumika. Nimehamia 34 na 35, kimya.

Majibu ya kufundishia modeli, yani ile programu ya akili mnemba, anatoa shangazi. Mara tatu kwa siku anasimama dirishani kwa yule dada (dada kakubali, ana hamu na huu mradi kuliko mimi), ananusa, anaandika kwa chaki ukutani saa na namba. 0 hakuna kitu, 1 inavumilika, 2 inanuka, 3 ni "mh!". Mtu kafunga unamuomba asimame anuse choo, nilijua atakataa. Alichouliza ni kwa nini nisitumie pua yangu. Nimemwambia pua yangu imeshazoea nashinda humo, na hii si utani, pua huzoea, na kwa haidrojeni salfaidi ikizidi sana kama sehemu 100 kwa milioni pua inakufa ganzi kabisa unaona kama harufu imeisha kumbe ndo unakaribia kuanguka. Vijana wanaotapisha vyoo wanaijua hiyo kwa njia mbaya.

Jumamosi 22 Machi

ASILIMIA 96!!!

Nimetumia msitu wa miti, ile njia ya Leo Breiman ya 2001, unatengeneza miti mingi ya maamuzi kila mmoja unaona kipande cha data halafu inapiga kura. Naingiza sensa mbili, joto, unyevu na saa ya siku, inatoa namba ya shangazi. Bodi inarekodi kila dakika, kila alama ya shangazi nimeipa saa zima linaloizunguka, kwahiyo kwa alama 20 na kitu nina mistari zaidi ya elfu moja. Asilimia 80 ya mistari nimefundishia, 20 nimejaribia, imepata 96. Nimepiga picha skrini nimetuma kwa kila mtu. Kuna jamaa kaniambia niende BRELA, wale wa serikali wanaosajili biashara na hataza, nikaandikishe hataza fasta kabla sijaibiwa, nikaanza na kutafuta jina la kampuni, haki ya Mungu.

Jumamosi 5 Aprili

Idd imepita. Modeli imekufa.

Tangu Jumatano asubuhi inasema 0, hakuna kitu, kuzuri kabisa, saa hiyohiyo ukutani shangazi kaandika 3 kaipigia na mstari. Jioni inasema 2, shangazi anasema 0. Siku nne mfululizo. Kama imepatia mara nne kati ya kumi na mbili nyingi, ukirusha sarafu unaishinda.

Sensa nzima. Waya nzima. Programu sijaigusa.

Shangazi ndo kalijua, mi nimekaa na grafu siku mbili. Kanikuta nimeinamia laptopu kaniuliza shida nini nikamuelezea, akasema "mwanangu, si watu wameacha kufunga?" Akaenda zake jikoni.

Jumamosi 12 Aprili

Nimeichambua yote, naandika bila kujionea huruma.

Moja. Data yote ilikuwa ya Ramadhani. Mchana wa Ramadhani hapa nyumbani choo kiko kimya, watu hawajala hawajanywa. Foleni inaanza baada ya futari, na tena wakati wa daku. Modeli ilipewa saa ya siku, ikaona saa inatosha, sensa za nini? Ikajifunza ratiba ya nyumba ya Waislamu mwezi wa Ramadhani. Ukiangalia uzito iliyokipa kila kipimo, saa ya siku ni zaidi ya nusu, MQ-136 iko mwisho. Idd ilipoingia watu wakarudi kwenye ratiba ya kazini, foleni ni alfajiri mpaka saa moja asubuhi, yenyewe bado imefunga.

Mbili. Ile 96 ilikuwa uongo hata ndani ya Ramadhani. Nimegawa mistari kiholela, kwahiyo dakika ya 14 ilienda kufundishia na dakika ya 15 ikaenda kwenye mtihani, na zote zina alama ileile ya shangazi. Ni kumpa mwanafunzi mtihani wenye maswali ya jana halafu ukamsifu ana akili. Nilitakiwa nigawe kwa SIKU, siku nzima ifiche, uijaribie. Nimefanya hivyo leo, na saa nimeitoa. Imepata 58. Mtu anayejibu "inavumilika" kila siku bila kunusa chochote anapata 52.

Tatu, na hii nimecheka peke yangu. Kwenye faili kulikuwa na alama kadhaa za saa 1:00 usiku wa manane, wakati hakuna mtu macho. Nimekagua, kumbe shangazi kaandika ukutani "saa 1", saa moja ya jioni, saa yetu, mi nikaziingiza kwenye kompyuta kama zilivyo. Nyingine nilizigeuza nyingine nimesahau. Kompyuta haijui kwamba siku inaanza jua likichomoza. Nimerekebisha zote, 58 imekuwa 61. Haya.

Nne, unyevu. Masika imeanza kushuka, mvua ikinyesha sensa zote mbili zinapanda hata kama hakuna harufu, mana mvuke wa maji nao unaigusa ile oksaidi ya bati. Kwa hiyo hata bila saa modeli ingejifunza mvua.

Jina la kampuni nimelifuta. Na habari ya hataza pia nimeachana nayo, kwanza hataza inataka kitu kipya na humu kipya ni kidogo, pili nimeshayaandika hadharani na kikishakuwa hadharani mara nyingi hakihesabiwi kipya tena. Anayetaka achukue.

Jumamosi 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, mvua tangu usiku, niko chini ya bati na bisibisi.

Nimebadilisha swali. Nilikuwa naiuliza mashine "dada ataona kunanuka?" na hilo ni swali la pua, la upepo, la nani kala nini. Mi nachotaka kujua ni mkaa umechoka au haujachoka. Kwahiyo MQ-136 mbili, moja chini ya kichujio, moja juu yake. Mvua ikinyesha zinapanda zote. Watu wakifuturu au wasifuturu inajibu ya chini, ya juu inatakiwa itulie. Unachukua ya juu unagawa kwa ya chini. Kichujio kizima, namba inakuwa ndogo. Kichujio kikifa namba inasogelea 1. Basi. Hakuna msitu, kuna kugawanya kwa darasa la nne.

Akili mnemba imebaki na kakazi kamoja. MQ mbili hata ukinunua duka moja siku moja hazifanani, kwahiyo niliziweka zote mbili pamoja kwenye ndoo iliyofunikwa siku mbili, na kitambaa cha amonia ya kusafishia nikiingiza na kutoa, nikaacha programu itafute mstari ulionyooka wa kugeuza namba za sensa B ziwe za sensa A. Mstari mmoja, namba mbili za kukumbuka, unaingia kwenye ESP32 na nafasi inabaki. Nao ni mashine kujifunza huo, ila huwezi kumringishia mtu.

Uwiano wa leo: 0.22. Shangazi: 0. Dada: kaniuliza kama naweza kufanya kitu pia kuhusu jogoo wa jirani.

Jumamosi 10 Mei

Wiki moja na nusu uwiano umetulia kati ya 0.2 na 0.3, halafu Jumatano ukaanza kupanda. 0.41. 0.55. Jana usiku 0.78. Ukutani shangazi bado ameandika 0 na 1 tu, yani kabla pua haijajua kitu tayari nimejua, na hicho ndo kitu nilichokuwa nakitafuta tangu Februari, sema kimekuja kwa njia ya kugawanya.

Leo asubuhi nimefungua kichujio. Tabaka la juu la mkaa liko kama nilivyoliacha, ukilinusa lina harufu kidogo. La katikati limeshikana kama sukari guru, asidi imevuta maji ya masika, hapo nitaweka kiasi kidogo safari ijayo. Lililoisha ni la chini. Ile kutu nyekundu yote imekuwa nyeusi tii, inateleza kidogo, ukiibonyeza inaacha vidole kama wino.

Nikaiweka juu ya tofali pembeni ya karo nikaenda kutafuta mfuko. Kurudi nakuta shangazi ameinama anaiangalia hajaigusa. "Hii kitu yako inapumua." Nikaweka mkono juu, joto. Baada ya dakika kama tano haikamatiki kwa kiganja, na kamvuke kanatoka. Nimekimbia kuleta maji nikainyunyizia, mana ile nyeusi ikikutana na hewa inaungana na oksijeni na inatoa joto, ikikauka inaweza kushika moto, viwandani wanailowesha kabla ya kuitoa. Nilishalisoma hilo, nikalisahau.

Tukakaa tunaiangalia, mi na kopo la maji, yeye na kijiti. Pembeni ikaanza kugeuka. Kwanza kahawia, halafu wekundu ukaingia taratibu kuelekea katikati, na katikati ya nyuzi kukawa na unga mwepesi wa manjano, kiberiti chenyewe, kilichokuwa kwenye harufu. Kufika adhuhuri robo tatu ilikuwa nyekundu kama siku niliyoianika.

Shangazi akaipindua kwa kijiti chake, akaangalia chini, akauliza kama ataachiwa moja ya kusugulia sufuria la pilau.

Nimeirudisha kwenye bomba saa kumi jioni. Uwiano: 0.26.